Mada ya Mwezi

Desemba ile Gundega, katibu wa chama,
alitugawia karatasi moja yenye mada kumi na mbili.
Mwaka mzima, akasema, picha moja kila mwezi,
majaji watatu, alama mia,
na mshindi tutamjua theluji ikianguka tena.
Tulikuwa arobaini na mmoja, sote tunakula kwa lenzi.
Mimi hula kwa picha za pasipoti.

Stuli, ukuta mweupe, kidevu juu kidogo.
Vua miwani. Usitabasamu.
Serikali haitaki kivuli nyuma ya sikio;
chama kinataka kivuli, tena kivuli chenye maana.
Basi saa tisa nafunga duka, nageuka mtu mwingine,
naizunguka Liepaja na stendi ya miguu mitatu begani
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Januari: NYEUPE.
Tulileta theluji. Theluji juu ya paa, juu ya gati,
juu ya mbwa wa jirani. Majaji walipiga miayo.
Skaidrite akaleta plasta ya mguu wa mtoto
kabla wenzake wa shule hawajaiandika majina.
Tisini na sita.
Nilipiga makofi hadi viganja vikawasha,
kisha usiku nikalala chali nikitazama dari,
nalo lilikuwa jeupe, miaka yote hiyo, juu ya pua yangu.

Februari siikumbuki. Machi nilituma picha ya zamani, wakanigundua.

Mei: MIKONO.
Akaja Ojars, mchomeleaji wa meli, mstaafu.
Anataka pasipoti: binti yake yuko Limerick,
amemwambia, baba, mlango wa chumba chako nimeupaka rangi.
Nilipomaliza uso nikamwomba mikono.
"Hii?" akauliza, kama anayedaiwa deni la mtu mwingine.
"Ngoja basi ninawe."
Nami, mjinga, sikumzuia.
Akaenda kwenye sinki, akasugua miaka arobaini
kwa sabuni yangu ya manjano,
akarudi na mikono myekundu, ya mtu yeyote.
Niliipiga hivyo hivyo. Sabini na moja.
"Safi," aliandika jaji,
na mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Juni Ojars akaondoka.
Mada zikaendelea kuja kama bili ya umeme.
Ya Agosti ilikuwa SUBIRA: nilimvizia korongo
saa sita, nimelala tumbo katika shamba la watu;
akatua nikiwa nabadilisha betri.
Mvumilivu hula mbivu, lakini mimi
nilikula mkate mweusi na kitunguu, nikarudi mjini.

Oktoba: KUTOKUWEPO.
Nilijua wataleta viti vitupu, na wakaleta viti vitupu.
Skaidrite naye. Kiti! Hata Skaidrite.
Mimi nilikuwa naosha kikombe
nikaiona ile sabuni nyuma ya bomba.
Tangu kiangazi natumia ya maji;
hii ilikuwa imekauka, imepasuka,
na ndani ya kila ufa mstari mweusi wa grisi.
Nikazima taa zote za studio.
Nikasubiri jua la saa tisa, lile dogo, la kuomba,
lifike lenyewe hadi kwenye sinki na kivuli chake.

Sitini na nne.
"Mada ni kutokuwepo," aliandika jaji yuleyule.
"Hapa pana sabuni."

Desemba Skaidrite alipewa kikombe cha shaba, na alikistahili.
Mimi nilikuwa wa kumi na tisa.
Gundega akagawa karatasi nyingine; niliikunja bila kuisoma.

Picha ya sabuni niliipeleka posta.
Jibu lilikuja Februari, kwa penseli, herufi kubwa za mtu wa gati:

Nimeibandika mlangoni, kwenye rangi mpya.
Binti anauliza hilo ni jiwe gani.
Sijamjibu.
Nawe usinunue tena ya manjano. Haitoi kitu.